Viwandani si Industrial Area: Majina ya Mahali Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Wataalamu walioyashughulikia majina ya mahali katika Afrika ya Mashariki aghalabu wameyafuata milimani, mitoni na katika miji ya kale ya pwani. Hilo halishangazi, kwani jina la mlima au la mto huwa na umri mkubwa, na katika umri huo mwanaisimu hutarajia kukuta mabaki ya lugha zilizokwisha kutoweka. Mitaa ya viwanda na ya wafanyakazi imeachwa kando, kana kwamba jina lililozaliwa juzi halina historia. Makala hii inakusudia kulitazama eneo moja la namna hiyo, nalo ni Industrial Area ya Nairobi pamoja na mitaa ya makazi iliyo jirani nayo, ile inayoitwa kwa jumla Eastlands. Tutajaribu kuonyesha kwamba majina mawili ambayo kamusi ingeyafanya kuwa tafsiri ya kitu kimoja, yaani Industrial Area na Viwandani, hayataji mahali pamoja. Na kwamba anayeyasimamia majina ya jiji bila ya kuijua tofauti hiyo anaweza kuwafuta watu katika ramani kwa kalamu ya mfasiri tu.

Kabla ya kuingia katika majina yenyewe, yafaa tueleze kwa ufupi maana ya kuyasimamia. Jina la mahali ni neno kama maneno mengine, lakini tena ni chombo cha serikali: hutumika katika hati ya ardhi, katika daftari la wapiga kura, katika sensa na katika mashauri ya mahakamani. Kwa sababu hiyo serikali hupenda mahali pamoja pawe na jina moja, na jina moja liwe na tahajia moja. Waingereza waliunda kamati yao ya kudumu ya majina ya kijiografia mwaka 1919. Umoja wa Mataifa nao uliitisha mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina ya kijiografia mjini Geneva mwaka 1967. Mkutano huo ulipendekeza kila nchi iwe na mamlaka yake ya majina, na, jambo ambalo hukumbukwa mara chache, ulisisitiza kwamba majina yakusanywe uwandani, kwa jinsi yanavyoandikwa na kwa jinsi yanavyotamkwa na wenyeji. Kenya ina Kamati ya Kudumu ya Majina ya Kijiografia, ambayo kazi yake imefungamana na idara ya upimaji wa ramani. Na mwezi wa Mei 2009 kundi la wataalamu wa majina wa Umoja wa Mataifa lilifanya kikao chake cha 25 hapa hapa Nairobi.

Kwa upande wa utafiti, Waingereza wana desturi moja nzuri ambayo mwandishi wa makala hii aliizoea alipokuwa akisomea shahada ya pili huko kwao. Chama chao cha majina ya mahali, kilichoanzishwa mwaka 1923, hulieleza jina baada ya kwanza kuzikusanya tahajia zake za zamani na kuzipanga kwa miaka yake. Kwetu mambo huenda kinyume: maelezo huja kwanza, na ushahidi hutafutwa baadaye kama shahidi wa kukodiwa.

Kwa nini jambo hili lishughulikiwe sasa? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa, kuwa pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba hati, vibao na fomu za serikali zinatazamiwa ziwe na sura ya Kiswahili, na mtu wa kwanza kukutana na majina ya mahali katika kazi hiyo si mpima ramani bali ni mfasiri. Mfasiri akilikuta jina Industrial Area atafanya nini? Aandike Eneo la Viwanda? Aandike Viwandani? Aliache kama lilivyo? Kila jibu lina gharama yake, na gharama hiyo haionekani mpaka historia ya majina ya jirani ijulikane.

Jina la jiji lenyewe ni la Kimaasai, nalo linataja maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, jina lilikuwa limekwisha kuwapo. Lakini vijiji vya kwanza vya Waafrika vilivyoota pembezoni mwa mji mpya viliitwa kwa Kiswahili na wenyewe waliovijenga, watu waliokuja na misafara, na jeshi, na reli na biashara ndogo ndogo, wengi wao Waislamu. Miongoni mwa vijiji hivyo vilikuwamo Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Mombasa na Pangani ni miji ya pwani iliyobebwa mabegani hadi bara. Kaburini inataja alama iliyoko ardhini. Maskini inataja hali ya watu. Basi katika majina manne tu tumekwisha kupata njia tatu za kupataja mahali ambazo Nairobi haikuziacha tena: kuhamisha jina, kutaja alama, na watu kujisema wenyewe, mara nyingi kwa kejeli. (Mtaa mmoja wa Eastlands uliojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni unaitwa mpaka leo Ofafa Kunguni, na hakuna ofisi ambayo ingeweza kulibuni jina hilo.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji walianzisha Pumwani uwe mtaa rasmi wa Waafrika, na vijiji vya awali vikaanza kuvunjwa. Wengi hueleza kuwa Pumwani latokana na kupumua au kupumzika. Maana hiyo inapendeza, lakini mwanasarufi ataona tatizo. Kiambishi tamati -ni cha mahali hudai nomino mbele yake: ziwa hutoa Ziwani, bonde hutoa Bondeni, makonge hutoa Makongeni. Tukikiondoa katika Pumwani tunabaki na pumwa, na nomino ya namna hiyo hatunayo katika Kiswahili cha kila siku. Jina huenda likawa na asili ya kupumua kweli, ila haliwezi kuwa limeundwa Nairobi kwa kanuni ya kawaida. Ama ni umbo la kale, ama limehamishwa kutoka kwingine likiwa tayari limekamilika.

Kaloleni ni fundisho zaidi, kwa kuwa -ni yake si ya mahali hata kidogo. Katika lugha za Wamijikenda, kulola ni kutazama. Ka-lol-e-ni ni umbo lile lile la Kiswahili ka-on-e-ni, yaani nendeni mkaone. Hapo -ni ni ya watu wengi wanaoambiwa. Kaloleni ya asili iko Kilifi, lakini jina limesafiri hadi Voi, Arusha, Moshi, Kisumu na Nairobi, na kila lilipofika lilipokewa kama ndugu wa Ziwani na Makongeni, kwa sababu ya kufanana kwa mkia. Kaloleni ya Nairobi ilijengwa na Baraza la Mji katika miaka ya 1940, nyumba zake zikazungushwa kwenye viwanja vya nyasi kwa mtindo wa mitaa ya bustani ya Uingereza. Vijana wa Sheng huiita Ololo, na kwa kufanya hivyo wamekitupa kiambishi ambacho wanaisimu bado wanabishana juu yake.

Kisa cha Shauri Moyo kinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa katika mtaa mpya wa Baraza, nao ndio Shauri Moyo. Simulizi ya Nairobi hulifunga jina hilo na machungu ya kuhama: aliyekuwa na nyumba yake Pangani sasa anakaa katika nyumba ya Baraza, na kukubali au kukataa ni shauri la moyo wake. Ni simulizi yenye ukweli kuhusu watu. Kama maelezo ya jina, hata hivyo, ina upungufu mkubwa. Mjini Unguja kuna Shaurimoyo. Kisumu kuna Shaurimoyo, tena jirani na Kaloleni, hata wadi moja ya huko ikaitwa Shaurimoyo Kaloleni. Jina linalokutwa katika miji mitatu haliwezi kuelezwa kwa mkasa wa mji mmoja. Yamkini lilikuwa limo katika hazina ya majina ya mitaa waliyokuwa nayo Waswahili wa mijini, pamoja na Majengo na Kaloleni, na lilipofika Nairobi likakuta mkasa unaolifaa. Hapa ndipo ilipo faida ya kuyakusanya majina kwa upana kabla ya kuyaeleza: mtafiti asiyevuka mpaka wa mji wake atapokea kila hadithi anayopewa.

Kisarufi Shauri Moyo limedondosha kiunganishi, kama mbwa wa mwitu anavyokuwa mbwa mwitu. Ndivyo lilivyo pia Landi Mawe, yaani landi za mawe. Landi zilikuwa nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, na neno lenyewe lilikuja na reli. Barabara ya Landhies imelihifadhi likiwa limevaa h na s ambazo mtamkaji wa Kiswahili hana haja nazo. Waandishi wengine, kwa kulikuta neno wasilolijua, wameliandika Land Mawe, kana kwamba nusu yake ni Kiingereza na nusu ni Kiswahili. Wadi rasmi huandikwa Landimawe, neno moja. Tofauti hizi si ndogo kwa mtu anayeitafuta hati ya zamani katika faharasa iliyopangwa kwa herufi.

Mfano mashuhuri kuliko yote wa tahajia ni ule wa kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi zake ziliacha jina moja katika miji miwili. Dar es Salaam imeliandika Kariakoo, likiwa na irabu mwishoni kama neno lolote la Kibantu. Nairobi imeliandika Kariokor, na ndivyo lilivyo katika jina la wadi ya Ziwani/Kariokor. Masikio yaliyolisikia neno yalikuwa yale yale. Kalamu ndizo zilizotofautiana. Nairobi iliandikwa na makarani waliotaka Kiingereza kionekane kwa mbali, na Dar es Salaam iliandikwa na watu wasiojali kama kinaonekana au hakionekani. Hatupendekezi kwamba Kariokor libadilishwe leo. Limekwisha kukaa, na tahajia iliyokaa nayo ni ushahidi. Si mbali na hapo liko soko la Burma, ukumbusho wa askari waliorudi kutoka vita ya pili. Nchi ya Burma ilibadilishiwa jina rasmi kuwa Myanmar mwaka 1989, soko halikuarifiwa.

Mitaa ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilileta desturi mpya, ya ukumbusho wa watu. Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyepinga matumizi ya nguvu, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa mwaka 1953. Mauaji yote mawili yalihesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau, na utawala wa kikoloni ukayapa mitaa majina yao. Baada ya uhuru jiji lilibadilisha majina mengi: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na Doonholm Road, iliyokuwa ukumbusho wa shamba la mzungu, ikawa Jogoo Road kwa heshima ya alama ya KANU. Lakini Mbotela na Ofafa hawakuguswa. Hivyo katika jiji moja Dedan Kimathi ana mtaa wa maduka, na watu waliosemekana kuuawa na wafuasi wa upande wake wana mitaa ya makazi. Wasomi wa historia wanaweza kuuona huu kuwa ukinzani. Mwandishi huyu anauona kuwa uaminifu wa majina kwa wakaaji wake: Mbotela lilikuwa limekwisha kuwa mahali, wala si mtu tena. Kwa msomaji wa Kiswahili, jina hilo lina mwangwi mwingine, kwa kuwa ndilo jina la ukoo wa James Mbotela wa Freretown, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Karibu na hapo Biblia imeingia kwa Jerusalem na Jericho, na kipande kimoja cha Jericho kinaitwa Jericho Lumumba. Agano la kale na Kongo ya mwaka 1961 yamelala kitanda kimoja.

Sasa na tuvuke upande wa viwanda. Jirani na njia ya reli, kusini mwake, palitengwa ardhi ya viwanda na maghala, na mpango mkuu wa mji uliotolewa mwaka 1948 na Thornton White, Silberman na Anderson uliuimarisha mgawanyo huo: viwanda penye reli, wafanyakazi wa Kiafrika upande wa mashariki, karibu kiasi cha kufika kazini kwa miguu. Katika ramani ya namna hiyo maneno Industrial Area si jina. Ni maelezo, kama vile mtu anavyoandika "shamba" au "kinamasi" juu ya kipande cha karatasi. Maelezo yakageuka jina kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kulitafuta jingine. Mpaka leo ni mojawapo ya majina machache ya Nairobi ambayo ndani yake hamna mtu, wala mnyama, wala mto, wala kumbukumbu.

Barabara zake ziliitwa ofisini. Mtu akitembea huko husafiri pwani bila ya kupanda gari: Likoni, Changamwe, Bamburi, Lunga Lunga, Funzi, Pate. Pamoja nazo ziko Dar es Salaam, Kampala na Lusaka. Pate, mji wa washairi na wa habari za wafalme, ni barabara ya malori. Majina haya yalihamishwa kama vile Pangani ilivyohamishwa zamani, ila kwa tofauti moja kubwa: Pangani ililetwa na watu walioijua, na Funzi ililetwa na orodha. Ndiyo sababu wafanyakazi hawayatumii sana katika kuelekezana. Wao huelekezana kwa kampuni, kwa lango, kwa steji ya matatu. Steji ya General Motors katika Barabara ya Mombasa imelihifadhi jina hilo hata baada ya kampuni yenyewe kuwa Isuzu mwaka 2017, na Bellevue bado ni mahali ingawa sinema iliyolipa jina imekwisha kutoweka. Nchini Kenya barua hupelekwa kwenye sanduku la posta, haipelekwi mlangoni. Kwa hiyo jina la barabara halina tarishi wa kulizoesha masikioni mwa watu. Kazi hiyo imefanywa na makanga.

Tukifika hapa, tunaweza kuliuliza swali la Viwandani. Kamusi za zamani hulieleza neno kiwanda kuwa uwanja, na mahali pa kufanyia kazi ya mikono. Maana ya jumba la mashine ilikuja baadaye na ikaishinda ile ya kwanza. Viwanda pamoja na -ni hutoa Viwandani, neno safi lisilo na taabu yoyote. Mtu angetarajia basi kwamba Mwingereza husema Industrial Area na Mswahili husema Viwandani, na hapo mambo yakaisha. Usemi wa Nairobi hauko hivyo. Anayesema kwa Kiswahili, na hata kwa Kikuyu au Kikamba, kwamba anafanya kazi kiwandani mwa sabuni au mwa chuma, atasema kazi yake iko Industrial Area. Kijana atasema Inda. Jina hilo hilo hutaja pia gereza la mahabusu lililoko huko, na mtu akisikia kwamba fulani amepelekwa Industrial Area hadhani kwamba amepata kibarua. Viwandani ni mahali pengine. Viwandani ni makazi ya mabati yaliyojibana kati ya kuta za viwanda na Mto Ngong, mahali anaporudi yule yule mfanyakazi jioni. Industrial Area ni mahali pa kazi, na Viwandani ni mahali pa kulala. Ukuta uliopo kati yake ni ukuta halisi wa matofali, na lugha imeufuata.

Ni kweli kwamba tangu uchaguzi wa mwaka 2013 Viwandani ni jina la wadi katika eneo bunge la Makadara, na ndani ya mipaka ya wadi hiyo vimo viwanda na makazi pia. Lakini mipaka ya wadi ni mipaka ya kura, si mipaka ya usemi. Hatari iko katika kuvichanganya viwili hivi. Ofisi ikiamua kwamba Viwandani ni Kiswahili cha Industrial Area, kila palipoandikwa Viwandani patasomwa viwanda: takwimu ya wakazi itaonekana kuwa takwimu ya maghala, na ombi la maji la kijiji litafanana na ombi la kampuni. Ofisi ikichagua Eneo la Viwanda, itakuwa imeunda jina la tatu lisilosemwa na mtu yeyote. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka katika bomba ilishika moto katika kijiji cha Sinai, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mahali pale pale mtu angeweza kupataja kwa majina manne bila ya kusema uongo: Sinai, Lunga Lunga, Viwandani, Industrial Area. Anayepiga simu katika saa kama ile hutaja jina la kwake. Ni juu ya orodha ya anayepokea simu kulijua.

Sinai yenyewe ni jina la Biblia kama Jericho, ila Jericho iliandikwa katika ramani kabla ya mkazi wa kwanza kuingia, na Sinai iliitwa na wakazi wenyewe. Tofauti hii ya nani alitangulia, jina au mtu, ndiyo inayoipambanua mitaa ya Baraza na makazi ya Mukuru. Mũkuru ni neno la Kikuyu lenye maana ya korongo au bonde, na ramani zimeliondolea alama yake ya ũ kama zilivyozoea kufanya. Kutokana nalo tuna Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben. Kihusishi kwa kinastahili kutazamwa. Katika Kiswahili kwa fulani ni nyumbani kwake au shambani kwake. Ni usemi wa umilikaji unaotambuliwa na jirani, ambao hauhitaji hati. Mwenye hati ni mwingine. Kwa miaka mingi hati za ardhi ya Mukuru zimekuwa mikononi mwa watu na makampuni yasiyokaa huko, huku majina yakishuhudia umilikaji wa namna nyingine. Kwa Njenga na Kwa Reuben ni wadi rasmi za Embakasi Kusini tangu mwaka 2013, pamoja na Pipeline na Kware. (Kware hapa si ndege; ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililofupishwa hadi likafanana na ndege.) Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi, kwa kushirikiana na Muungano wa Wanavijiji na vyuo vikuu, wakashiriki kuihesabu na kuichora mitaa yao. Mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara iliyopewa jina la Catherine Ndereba, mwanariadha wa mbio za marathoni. Hakuna atakayebisha kwamba Ndereba anastahili barabara. Lakini jina tukufu la mtu wa mbali limepita juu ya jina la kawaida la mtu wa karibu, na katika daftari la majina yote mawili yanapaswa kubaki, kila moja na tarehe yake.

Kwa hiyo maoni yetu kwa wanaohusika ni machache. Majina ya mahali ya jiji yasitafsiriwe. Industrial Area libaki Industrial Area katika maandishi ya Kiswahili, likichukua viambishi na viunganishi vya Kiswahili kama linavyoyachukua mdomoni mwa wasemaji: ya Industrial Area, huko Industrial Area. Viwandani liandikwe pale tu wakazi wanapoliweka. Maneno yaliyorudiwa, mfano Lunga Lunga na Buru Buru, ambayo mara huandikwa mawili na mara moja, yafuate kanuni ya Kiswahili na kuungana, isipokuwa pale ambapo hati za zamani zinatenganisha. Hapo umbo la zamani litajwe pembeni. Na kazi ya kukusanya isingojee kamati. Mipango ya kuijenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands imeendelea katika miaka ya 2020, na mzee anayehamishwa kutoka nyumba ya Baraza aliyozaliwa huenda na majina ya vichochoro ambayo hayakuandikwa popote. Wanafunzi wetu wengi hukaa mitaani humo. Tasnifu moja ya mwanafunzi anayefika Makongeni kwa miguu ni bora kuliko kamusi ya majina iliyotungwa maktabani.

Tumalizie kwa jina moja dogo ambalo bado linaandikwa kwa namna zaidi ya moja. Upande wa South B, penye Mto Ngong, kuna Mukuru Kayaba. Kayaba ni kichaka cha miiba kilichozoeleka kuwa ua wa mashamba na majumba ya Wazungu, na kwa Kikuyu hutamkwa kwa irabu ya ziada, kaiyaba. Kimeletwa kutoka Afrika ya Kusini, ambako tunda lake huitwa kwa Kiingereza tofaa la Mto Kei. Apple ikapokea b mahali pa p, ikaacha l yake, ikajipatia irabu ya mwisho. Hivyo jina la mto wa Afrika ya Kusini limekaa kando ya mto wa Nairobi, katika makazi yaliyo nje ya ua. Wanafunzi watakaokwenda huko wasikilize kama ya pili inatamkwa ndefu au fupi, na waandike umri wa aliyeitamka.